Guyo Hakuwahi Kupoteza Mbuzi

Talaso binti yangu,

Amani iwe mbele yako na nyuma yako. Ninaandika nikiwa nimeegemea mto, kati ya alasiri na magharibi, saa ambayo kifua changu huniruhusu kufanya kazi kidogo. Wewe umeenda kuwaaga shangazi zako, na mama yako yuko chumba cha pili anapanga begi lako kwa mara ya tatu. Mambo ya blanketi, ya kuficha simu stendi, ya kutotoka bila kula, hayo ni yake na ameyamaliza. Mimi nina jambo moja tu, na lazima ulijue kabla ya gari la kesho asubuhi.

Guyo wa Gotu ni mimi.

Yule mfugaji uliyemtoa kwenye grupu lako la simu, la Malisho na Maji, aliyesifu chakula cha mifugo cha duka la Jarso kwa miezi mitatu, hakuwahi kuwa mtu. Alikuwa laini ya pili ya simu yangu na vidole hivi unavyoviona vikitetemeka. Siku uliyomtoa nilikuwa nimekaa mkabala nawe, sahani ya wali mbele yangu, nikakusifu kwa kazi nzuri.

Ningeweza kufa na siri hii. Daktari ameniambia wazi kwamba moyo wangu umechoka, na mtu akifa watu humsema vizuri bila kuchunguza. Lakini juma lililopita ulirudi kutoka Nairobi ukatusimulia mahojiano yako. Ulisema wakubwa wa lile shirika linalokuajiri walikuuliza: wewe ambaye utalinda magrupu ya wakulima na wafugaji wa kaunti nzima, ni nani aliyekufundisha kanuni zako? Ukawajibu, "Baba yangu." Mama yako akapiga vigelegele. Mimi nilitoka nje nikajifanya nakohoa. Siwezi kukuacha ujenge juu ya jiwe ambalo mimi najua lina ufa.

Kile ulichowaambia ni kweli nusu. Nilikufundisha. Ulikuwa darasa la pili au la tatu nilipokusimulia habari za babu yako, ambaye katika ujana wake alikuwa abuuru, mtu anayetumwa mbele kukagua malisho kabla ya boma kuhama. Akirudi, hakuna aliyemuuliza kitu mpaka anywe maziwa. Kisha wazee walimuuliza mambo matatu. Uliona nini kwa macho yako? Ulisikia nini kwa watu? Na ulilala boma la nani? Wewe ulishangaa hilo la tatu. Ukaniuliza, "Aba, kwani kulala kwake kunahusiana nini na nyasi?" Nikakueleza kwamba aliyepewa maziwa na kitanda ana sababu ya kusema vizuri juu ya kisima cha mwenyeji wake, au ya kukificha. Si kosa kulala kwa mtu. Lazima ulale mahali. Kosa ni kurudi ukasema habari za nyasi bila kusema za kitanda, kwa sababu watu watahama na watoto na wanyama wao kwa neno lako.

Nilikusimulia hayo kama hadithi. Ni wewe uliyeyageuza kuwa sheria. Kaunti ilipokuwa bado changa na kila mtu ana grupu lake, la ukoo, la wadi, la mgombea fulani, wewe ulianzisha grupu la watu wanaotafuta malisho na maji, ukaandika juu yake maneno ya babu yako ambaye hukumwona: Umeona au umesikia? Ulilala boma gani? Ukaongeza la kwako: anayeuza aseme anauza. Atakayejificha atatolewa mbele ya wote, sababu ikiwa imeandikwa, na akitaka kurudi arudi kwa jina lake.

Sijui kama nimewahi kukuambia nilivyojisikia siku wajomba walipokuja watatu kumwombea mjomba wako mkubwa arudishwe kwenye grupu. Alikuwa amesifu majani makavu ya lori lake mwenyewe, akijifanya mpita njia. Uliwapikia chai, ukawakalisha vizuri, ukawasikiliza mpaka mwisho.

"Talaso, huyu ni damu yako," mmoja akasema. "Utaaibisha mjomba kwa sababu ya majani?"

"Mjomba, mimi sijamfukuza," ukajibu. "Arudi tu. Aseme, 'Mimi ni fulani, hii lori ni yangu, majani ndiyo haya.' Nani atakataa kununua?"

"Na akikataa kurudi hivyo?"

"Basi anywe chai, aende."

Walicheka bila kutaka. Mjomba akarudi kwa jina lake, akauza kuliko mwanzo. Nilikuwa chumbani nasikiliza, na nilitaka kumpigia simu kila mwalimu niliyefundisha naye nimwambie nina binti.

Sasa nitakuambia jinsi mtu wa namna hiyo, aliyejua yote hayo, alivyoanguka.

Unakumbuka mwaka ule ulipokuwa chuoni na maradhi yalipoanza. Safari za hospitali Meru zilikuwa kila wiki, na Jarso ndiye aliyenipeleka. Nilimfundisha tangu darasa la nne, mtoto wa kuchezacheza lakini mwepesi wa hesabu. Alikuwa akija na pikapu yake kabla jua halijapanda, ananishika mkono mpaka kwenye kiti, ananisubiri kutwa, ananirudisha nyumbani Kiwanjani. Hakuwahi kunidai hata ya mafuta. Siku moja tukiwa njiani kurudi akaniambia:

"Mwalimu, barua ya kwanza maishani yangu, wewe ndiye uliniandikia. Ya kuomba nafasi ya shule ya bweni. Sasa niandikie tena."

"Nikuandikie nini?"

"Kitu kidogo. Kwa hiyo grupu ya Talaso. Nimeleta chakula ya mbuzi, ile ya gunia. Watu wanaogopa. Wanasema ni ya ng'ombe ya wazungu. Lakini mtu mmoja akisema ameona, wengine watafuata."

"Jarso, mimi sina mbuzi."

"Kwani lazima mbuzi ikuwe yako?" Akacheka. "Hata jina si lazima."

Kama angenipa bahasha ningemtupia, na nafikiri angejua hivyo, ndiyo maana hakunipa. Nakuambia hili kwa sababu kule uendako utakuwa macho ukingoja bahasha. Huenda isije. Mimi nilijiwa na mkono ulionishika nisianguke kwenye ngazi za hospitali. Nilijiuliza, nitamkataliaje mtu huyu jambo dogo? Ndipo nilipoufanya wema wake kuwa bei, ingawa yeye mwenyewe labda hakuutaja kama bei. Hilo nalo ni kosa nililomfanyia.

Lakini nisijifiche nyuma ya Jarso. Kuna jambo la pili, na ni la aibu zaidi. Nilifurahi.

Nilipokuwa kijana, kabla simu hazijafika huku, watu waliokuwa hawajasoma walinijia niwaandikie barua kwa wana wao walioko mbali. Nilijifunza kuandika kwa sauti ya mtu mwingine, hasira yake, utani wake, mpaka mtoto akisoma alijua ni baba yake anayesema. Nilikuwa hodari. Kisha nikastaafu, na hakuna aliyehitaji tena kalamu yangu. Basi nilipoanza kumwandika Guyo, ilikuwa kama mtu amenifungulia mlango wa darasa. Nilimpa mke mwenye jino bovu. Nilimpa mbuzi jike kilema aliyempenda kuliko wengine, na mwana asiyetaka shule. Watu walimjibu! Walimuuliza hali ya mbuzi kilema. Mmoja alimpa dawa ya jino. Na kati ya utani wake, kila baada ya siku chache, Guyo alisema kwamba amewapa mbuzi wake chakula cha gunia kutoka kwa Jarso, wamekula mpaka wakashiba, na wote ni wazima.

Tofauti na zile barua za zamani unaiona. Siku zile mwenye sauti alikuwa amekaa mbele yangu kwenye kigoda, na nikikosea alinisahihisha. Guyo hakuwa na wa kunisahihisha.

Kulamawe kuna mama mmoja, mjane, anaitwa Mama Darare. Unamjua kwa sauti, maana haandiki. Mkaza mwana wake humsomea naye hujibu kwa kusema. Kiangazi kilipobana aliuza alichouza akanunua magunia ya Jarso, kwa neno la Guyo. Aliwalisha mbuzi mpaka wakashiba. Maji ya kuwanywesha alikuwa nayo kidogo sana, kama kila mtu wakati ule. Jioni moja akatuma sauti kwenye grupu. Naikumbuka neno kwa neno.

"Guyo, salaam aleikum. Mimi ni Mama Darare. Mbuzi saba wamevimba tumbo, wamelala, hawaamki. Wewe wako uliwapa maji kiasi gani? Niambie haraka, hawa wengine niwaokoe."

Hakumlaumu, Talaso. Alimuuliza swali, kama mfugaji anavyomuuliza mwenzake. Na Guyo hakuwa na jibu, kwa sababu Guyo hakuwa na mbuzi.

Nilimpigia Jarso mara moja. Akashtuka. "Mwalimu, si imeandikwa kwa gunia? Unaanza na kidogo, siku nyingi, na maji mingi. Kwani hukusoma gunia?" Nilikuwa sijawahi hata kuliona gunia. Hapo nilikuwa na jibu mkononi, na mama wa watu alikuwa anangoja. Lakini Guyo angejibuje? Alikwisha kusema mbuzi wake walikula mpaka wakashiba. Akisema sasa "anza na kidogo," wote wangejua. Na mimi kwa jina langu ningejuaje, mzee wa Kiwanjani asiye na mbuzi? Nikaizima ile simu, nikaiweka chini ya godoro. Asubuhi afisa mmoja wa mifugo akaona ujumbe akamjibu. Kwa wengine wanne ilikuwa imechelewa.

Hao saba walikufa kwa uongo wangu. Hao wanne walikufa kwa ukimya wangu, na hao ndio wanaoniamsha.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ulikuwa nyumbani likizo. Ulikaa siku mbili ukisoma kila kitu alichoandika Guyo tangu mwanzo, kisha ukamtoa, ukaandika sababu. Nimeinakili nyuma ya daftari langu: "Nimesoma maneno ya Guyo yote. Hajawahi kuuliza swali hata moja. Hajawahi kutaja jirani kwa jina. Na kiangazi kizima hajapoteza hata mbuzi mmoja. Mfugaji wa Gotu ambaye hajapoteza mbuzi mwaka huu si mfugaji, ni tangazo."

Usiku huo tukila ulisema, "Aba, huyo jamaa alikuwa mtamu lakini. Hata mimi nilimpenda na mbuzi yake kilema. Anaandika kama mwalimu aliyestaafu." Mama yako akacheka. Nami nikacheka. Nikasema umefanya vizuri, watu kama hao wasiachwe. Nimefanya makosa mengine maishani, lakini kicheko kile ndicho kilichonigharimu usingizi kuliko yote.

Hata hivyo, nikwambie kitu usichokitarajia. Chini ya woga na aibu, nilikuwa na fahari. Watu mia kadhaa walimwamini Guyo. Wazee, walimu, hata yule afisa. Binti yangu alimsoma siku mbili akamjua ni mtupu, na hakumjua kwa makosa ya kuandika, alimjua kwa sababu anajua maisha ya kweli yana hasara ndani yake. Mwalimu gani hataki mwanafunzi wa namna hiyo? Ila mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa mtihani.

Nimefikiri sana tangu siku ile, kwa kuwa mgonjwa ana muda. Mwanzoni nilijiambia kwamba kosa langu lilikuwa kutosoma gunia. Laiti ningesoma, ningeandika vizuri, mbuzi wangepona na hakuna ambaye angedhurika. Sivyo. Chakula cha Jarso hakikuwa kibaya. Wengi walikitumia vizuri, na wengine walivuka kiangazi kwa ajili yake. Ningeweza kuandika hivi: "Mimi ni Mwalimu wa Kiwanjani. Sina mbuzi. Jarso alikuwa mwanafunzi wangu na ndiye anayenipeleka hospitali. Ameleta chakula dukani kwake, muulizeni." Mistari minne. Na mtu angemuuliza Jarso maji kiasi gani, na Jarso angejibu, kwa sababu Jarso yupo. Muuzaji aliyejitokeza unaweza kumuuliza. Aliyejificha amekuibia swali lako kabla hujaliuliza. Kule kazini utaletewa ushahidi kwamba bidhaa ni nzuri, dawa inaponya, mbegu inaota, kwa hiyo kuna ubaya gani mtu kusifu kwa jina la uongo? Mimi sina hoja kubwa ya kukupa. Nina sauti ya Mama Darare ikiuliza, na simu chini ya godoro.

Juma hili, baada ya kumwambia mama yako (alisema, "Mtoto umwambie mwenyewe, mzee, mimi sitakubebea"), nilimpigia Mama Darare. Nilijitambulisha, nikamweleza yote.

"Kumbe Guyo ni wewe, Mwalimu?"

"Ni mimi."

"Na yule mbuzi kilema?"

"Hakuwepo."

Akavuta pumzi. "Mimi nilifikiri Guyo alinyamaza kwa sababu wake pia walikufa. Nikasema, maskini, ameona aibu kusema. Nimekuwa nikimwombea mpaka leo."

Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ngumu.

"Mwalimu, mambo ya mbuzi tutaongea, mimi na wewe. Lakini usiniambie mimi peke yangu hapa kwa sikio, kama mtu anayekopa. Ulisema mbele ya watu. Nenda useme mbele ya watu."

Ana haki. Kuhusu mbuzi tumeshapatana, na mama yako anajua makubaliano. Hilo la pili nimeliandaa. Ujumbe uko tayari kwenye simu yangu, kwa jina langu kamili, na unaeleza kwamba sikuona, sikuuliza, na kwamba muda wote ule nilikuwa nimelala boma la Jarso. Nilimsomea Jarso kwanza. Alikasirika. "Mwalimu, utaniharibia biashara." Nikamwambia najua, na kwamba sehemu yake atasema mwenyewe akitaka. Akakata simu. Baada ya saa moja akapiga tena, bila salamu: "Jumanne hospitali ni saa ngapi?" Kumbe mkono ule haukuwa na bei. Ni mimi niliyeubandika bei, na nikailipa kwa mbuzi wa mjane.

Sijautuma bado kwa sababu yako. Sikutaka usome habari za baba yako kwenye simu kama mtu baki. Barua hii utaipata leo ukirudi. Ujumbe utaingia kesho baada ya swala ya alfajiri, na gari lako linaondoka saa moja unusu. Kwa hiyo utakuwa bado hapa, na utakuwa bado admini wa grupu.

Najua moyo wako. Utataka kusema mzee ni mgonjwa, amekiri mwenyewe, yatosha. Na watu watakuandikia hivyo hivyo, wakiwemo wajomba, ambao nadhani watafurahi kidogo. Usiwasikilize. Grupu lile halikusimama kwa sababu ya hadithi ya babu yako. Lilisimama kwa sababu mjomba wako alitolewa kama mtu yeyote. Mimi nilidanganya zaidi yake, na kwa gharama kubwa zaidi. Wala usiogope kwamba utakuwa unanivunjia heshima. Nimekuwa mwalimu zaidi ya miaka thelathini, na hakuna heshima ambayo ningependa kupewa na mwanangu kuliko hiyo, ya kuhesabiwa kama mtu yeyote na mkono usiotetemeka.

Kama ukiondoka na hasira juu yangu, ondoka nayo. Ni yako, na Nairobi si mbali kwa hasira wala kwa msamaha. Ila usiondoke na shaka juu yako mwenyewe. Ulichowajibu wale watu kwenye mahojiano kinahitaji kusahihishwa kidogo tu. Mimi nilikusimulia kanuni. Kuishika ulijifunza peke yako, katika nyumba ambayo mwenye kuisimulia alikuwa ameiacha. Hiyo ndiyo kazi ngumu, na umeifanya bila msaada wangu.

Ombi langu ni moja. Ukinitoa kwanza, sitaweza kuona utakachoandika baada ya hapo. Kwa hiyo andika sababu kwanza, yote, usipunguze makali. Ngoja dakika chache, maana siku hizi nasoma polepole. Ndipo unitoe.

Baba yako